Dagaa wameloa, na Krismasi imefika

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Igombe, kando ya ziwa hapa Mwanza, nauza dagaa. Mwanzoni mwa Desemba nilinunua mzigo kwa hela ya mkopo, mvua ikanyesha siku tatu mfululizo, dagaa wakaharibikia juani ambako jua lenyewe halikuwepo. Nimewauza kwa bei ya chakula cha kuku. Marejesho ni kila Jumatatu. Halafu mimi ni mwanakwaya. Kila jioni tunafanya mazoezi ya nyimbo za Noeli, naimba “furahini” na moyoni hamna kitu, najiona mnafiki. Je, Mkristo akiingia Krismasi bila furaha, imani yake ina kasoro? Nitaipataje hiyo furaha? Na nitawagawia nini watoto wangu na majirani, wengine Waislamu, wakati mfuko mtupu? Mwanangu wa mwisho naye kaniuliza kama Yesu alikula dagaa. Hata hilo nimeshindwa kumjibu.

JIBU: Milele amina, dada yangu, na pole sana kwa mzigo. Nilikaa Igombe miaka minne nikiwa katekista wa kigango. Najua harufu ya dagaa walionyeshewa ikifika siku ya pili. Huhitaji kuambiwa, unaipata kabla hujafika mwaloni, pale samaki wanaposhushwa. Najua na lile turubai linalotandazwa mbio mbio wingu likishaonekana ziwani, ambalo siku zote kuna pembe moja haifiki.

Nianze na swali la kasoro, maana nadhani ndilo linalokunyima usingizi. Imani yako haina kasoro. Kasoro iko kwenye mafundisho tuliyokupa, na hapo najihesabu na mimi. Miaka mingi tumeihubiri furaha ya Noeli kama kitu ambacho mtu anatakiwa aje nacho kanisani kutoka nyumbani, kama bahasha ya zaka. Ambaye hana anakaa benchi la nyuma na kutoka kabla ya matangazo.

Waswahili wanasema raha jipe mwenyewe, na kwa raha ni kweli. Soda baridi, kitenge kipya, jioni moja ya kukaa Capri Point ukitazama jua linavyozama: hizo mtu anajipa, hela ikiwepo. Furaha anayoitaja Luka hakuna aliyejipa. Malaika anawaambia wachungaji, “Msiogope, kwa kuwa mimi ninawaletea habari njema ya furaha kuu itakayokuwa kwa watu wote” (Luka 2:10). Inaletwa. Ni habari kwanza, na habari haigeuki uongo kwa sababu aliyeipokea hali yake ni mbaya. Ukipigiwa simu usiku kwamba mdogo wako wa Sengerema kajifungua salama, huenda simu hiyo ikakukuta na malaria, umejifunika mablanketi mawili, huwezi hata kupiga kigelegele. Mtoto kazaliwa vilevile.

Angalia na neno linalotangulia. Katika sura mbili za mwanzo za Luka malaika anawatuliza watu hofu mara tatu: Zakaria, Mariamu, kisha wachungaji. Kila alipofika alikuta mtu ameogopa. Na ile safari ya Bethlehemu ilianzia wapi? Kwenye orodha. Kaisari Augusto aliamuru majina ya watu yaandikwe, na watawala wa zamani walipoandika watu, mara nyingi walikuwa wanatafuta kodi. Kwa ajili hiyo Yosefu na Mariamu mjamzito wakatoka Nazareti, zaidi ya kilomita 100, kama mtu atoke Mwanza aende akaribie Shinyanga. Nikimfikiria anayekuja kwako Jumatatu na daftari la marejesho kwapani, naona Noeli ya kwanza haikuanzia mbali na mlango wako.

Nikusimulie kitu. Noeli ya 2011 iliangukia giza. Wewe muuza dagaa unaelewa, ila wengine wanaosoma hapa huenda hawajui: dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na kazi inanoga mwezi usipokuwepo. Ukipevuka, wavuvi wanapumzika na kushona nyavu. Mwaka ule nilitumwa kuongoza ibada ya mkesha kwenye kambi moja ya kisiwani. Saa tatu usiku nilikuwa chini ya turubai na akina mama saba, watoto, na mzee mmoja mgonjwa. Wanaume wote walikuwa majini. Ukitazama ziwani unaona taa zao zimetapakaa hadi mbali, kama mji ambao asubuhi hutaukuta. Niliudhika, sikufichi. Nilikuwa na mahubiri ya furaha, kurasa nne, nimeyaandika kwa ajili ya hao hao. Mama mmoja akaniambia, “Mwalimu, lala. Utawasomea wakirudi.”

Alfajiri nikasimama kwenye mchanga, suruali nimekunja hadi magotini, nikasoma Luka 2 kwa watu waliokuwa wanashusha dagaa kwa ndoo, macho mekundu kwa kukesha. Hakuna aliyeacha kazi. Nilipofika pale wachungaji “wakikaa makondeni na kulinda kundi lao kwa zamu usiku”, kijana mmoja akainua kichwa akasema, “Kwa zamu? Hao ni sisi.” Nikaendelea. Nilipofika wachungaji wameondoka kwenda Bethlehemu, akauliza tena: “Kondoo waliwaachia nani?”

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, lakini jibu sikuwa nalo na zile kurasa nne hazikuwa nalo. Luka hasemi. Anachosema ni mstari wa 20: wachungaji wakarudi, huku wanamtukuza Mungu na kumsifu. Walirudi wapi? Kondeni. Kwenye kondoo wale wale na baridi ile ile, na kama kundi lilikuwa la tajiri, hesabu yake ilikuwa inawangoja. Malaika hakuwaongezea hata mwanakondoo mmoja. Wamerudi na habari, basi. Tangu asubuhi ile nikihubiri Noeli siishii tena kwenye hori. Naenda hadi mstari wa 20, kwa sababu wengi wetu tunaishi kwenye huo mstari.

Kwa hiyo imba. Kwaya haitangazi hali ya mioyo ya waimbaji, inatangaza kilichotokea Bethlehemu. Mnafiki ni yule anayejionyesha anacho ili watu wamwone. Wewe umeniandikia kwamba huna.

Kanisa lenyewe halina haraka ya kukufuta machozi. Tarehe 26, mabaki ya pilau bado yako sufuriani, padre anavaa nyekundu kwa ajili ya Stefano aliyepigwa mawe. Tarehe 28 tunawakumbuka watoto wa Bethlehemu waliouawa na Herode, na Mathayo anatusomea “Raheli akiwalilia watoto wake, asikubali kufarijiwa” (2:18). Asikubali. Biblia haimkemei. Ndani ya siku nane za Noeli kuna mama anayelia na hakuna anayemwambia apanguse uso aje kwenye picha.

Sasa, utaipataje. Thoma wa Akwino, mwalimu mkubwa wa karne ya 13, alijiuliza kama furaha ni fadhila inayosimama peke yake, akajibu kwamba hapana, furaha ni zao la upendo. Nimefundisha sentensi hiyo miaka mingi kabla ya kuona inachodai. Zao halitafutwi lenyewe. Hakuna mkulima wa Magu anayekwenda shambani Desemba kutafuta pamba. Desemba anapanda na kupalilia. Kigiriki cha Injili nacho kinasaidia hapa. Furaha ni chara, neema ni charis, maneno ya ukoo mmoja, na salamu ya malaika kwa Mariamu, ile ambayo Biblia yetu inasema “Salamu”, ni chaire, ambayo asili yake ni “furahi”. Kaambiwa afurahi kabla hajaelezwa jambo lenyewe, na mstari unaofuata anafadhaika. Kisha anafanya nini? Hakai ndani kujipima furaha imefika wapi. Anaondoka “kwa haraka” kwenda milimani kwa Elisabeti, na kitoto kinaruka kwa shangwe tumboni mwa mwenzake. Wimbo wake mwenyewe unakuja baada ya kubisha hodi kwa mtu mwingine.

Wewe umeuliza utaipataje, ndipo ugawe. Naomba ugeuze mpango huo.

Mahali ninapopapenda katika jambo hili ni Nehemia 8. Watu wamerudi kutoka utumwani, Torati inasomwa kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, na wote wanalia. Wanaambiwa: “Enendeni zenu, mkale kilichonona, mkanywe kilicho kitamu, tena mpelekeeni sehemu mtu asiyewekewa kitu; maana siku hii ni takatifu kwa Bwana wetu; wala msihuzunike; kwa kuwa furaha ya Bwana ni nguvu zenu.” Kipande cha mwisho tunacho kwenye fulana na vioo vya daladala. Cha katikati tumekiruka, na ndicho chenye kazi ya mikono: mpelekeeni sehemu.

Kwa hiyo siku ya Noeli pika ulicho nacho. Wali na dagaa wale wachache waliopona ni chakula cha sikukuu, usimwombe mtu radhi. Kabla hujawapakulia wanao, pakua sahani moja, ifunike, mpe yule mkubwa aipeleke kwa mtu ambaye siku hiyo hakuna aliyemwekea kitu. Igombe hawakosekani. Yupo kijana wa kutoka mbali anayeshona nyavu na hana nauli ya kurudi kwao, yupo bibi ambaye wajukuu wamehamia Dar es Salaam wanatuma salamu tu. Sahani moja inatosha. Mtoto aende mwenyewe, kwa sababu atarudi na cha kusimulia mezani, na hapo utaona nyumba yako inavyobadilika sauti.

Jirani yako Mwislamu usimwache. Nyinyi mmekuwa mkila pilau lake la Idi, na unajua sahani ya jirani hairudishwi tupu. Hii ndiyo zamu yako. Kama Mungu amekujalia kuku, mwombe yeye au mumewe achinje ili wale bila wasiwasi. Najua kuchinja kulileta ugomvi mbaya wa Wakristo na Waislamu Kanda ya Ziwa mwaka 2013. Kwangu hiyo ni sababu zaidi ya kumwita. Usiigeuze sahani kuwa mahubiri. Akiuliza, mwambie kwa maneno yako mwenyewe tunasherehekea nini. Mariamu si mgeni kwake, Kurani ina sura nzima yenye jina lake, na kuzaliwa kwa Isa kumesimuliwa humo. Mnapotofautiana mnapajua wote, hapahitaji kufafanuliwa juu ya wali.

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Usikope hela ya sikukuu. Usichukue mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, kulipia mkopo mwingine ili watoto wapate nguo mpya. Januari inakuja na madaftari na sare, na haijali ulivyopendeza kanisani. Kaa na watoto kabla ya tarehe 24, waambie ukweli kwa sentensi fupi: mzigo uliharibika, mwaka huu hakuna nguo, chakula kipo. Wale wakubwa wawili wanajua tayari, wanakuona unavyohesabu noti mara mbili mbili. Kisha wape kazi ya kutengeneza pango la Noeli. Mwaka 1223 huko Greccio, Italia, Fransisko wa Asizi alipotaka watu waone Noeli kwa macho alileta hori lenye nyasi, ng'ombe na punda, akamaliza. Wanao wana kreti la nyanya, nyasi bure, na kwa Msukuma hori la ng'ombe halihitaji maelezo.

Halafu lile gumu zaidi. Umeniandikia habari za kugawa, sijaona mahali ulipoandika habari za kupokea. Jumuiya yako ya kanisani inajua? Nina mashaka. Nimeona akina mama wengi wa mwaloni wanaobeba gunia mgongoni na hawawezi kubeba neno “nisaidieni”. Kanisa kuu la Jimbo Kuu la Mwanza, lile la Bugando, limepewa jina la Epifania, yaani siku wageni walipoingia kwa Mtoto na zawadi. Mama yake angeweza kuona aibu: nyumba ya watu, wageni hawajulikani, nao wameshika dhahabu. Alipokea. Mwambie mwenyekiti wa jumuiya, yeye peke yake kama unaogopa maneno. Na kabla ya Jumatatu tafuta mmoja wa kikundi mwende naye kwa wakopeshaji, mkaombe kupunguziwa rejesho au kusogezewa siku. Wakikataa mmekataliwa wawili, ni tofauti na kukataliwa peke yako.

Ikiwa huo ukavu wa moyo umekuwa wa usiku na mchana, hulali, huli, au umefika kuwaza heri usiwepo, hilo usilipeleke kwaya. Nenda hospitali ukaonane na daktari wa afya ya akili, Bugando au Sekou Toure, na umwambie katekista kakutuma. Dawa na sala havigombani.

Jambo jingine dogo: usijipime tarehe 25 jioni. Kipindi cha Noeli kinaendelea hadi Ubatizo wa Bwana, Januari. Mwaka niliomzika mke wangu niliongoza ibada zote, nikasalimia kila mtu, nikarudi nyumbani nikakaa gizani. Furaha ilinijia tarehe 3 Januari, kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga. Mama mmoja nisiyemfahamu alikuwa anakula karanga kwenye karatasi. Akanitazama, akanishika mkono, akanimiminia nusu kiganjani, akaendelea na mambo yake. Sikuweza kusema hata asante. Kwa nini pale na si kanisani, usiniulize. Nilizila zote kabla kivuko hakijatia nanga.

Limebaki swali la mwanao, ambalo kwangu ndilo bora kuliko yote uliyotuma. Mwambie Yesu alikula samaki, na samaki wadogo aliwajua, ingawa si hawa wetu. Alifanya kazi kando ya ziwa, tena dogo: Kisiwa cha Ukerewe peke yake ni kikubwa kuliko Ziwa lote la Galilaya. Magdala, mji uliokuwa ufukweni hapo, ulijulikana kwa samaki wa kukausha kwa chumvi, kwa hiyo harufu ya mwaloni aliijua. Na siku moja nyikani alipowauliza wanafunzi wana mikate mingapi, walimjibu, “Saba, na visamaki vichache” (Mathayo 15:34). Msomee hapo, umwache aseme mwenyewe visamaki ni nini. Kama walikuwa wamenyeshewa, Mathayo hakuandika. Ameandika kwamba Yesu alivitwaa, akashukuru, akavimega, na wanaume elfu nne wakala, bila kuhesabu wanawake na watoto.